Mfanyakazi wa Posta Aliyelichungulia Sikio

Waulize wanachuo kumi wakutajie mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel. Tisa watasema Einstein, wa kumi atasema Marie Curie. Hakuna ubaya. Lakini nenda kwa daktari wa masikio, popote pale, umtajie Georg von Békésy, uone atakavyokaa sawa kwenye kiti. Huyu ndiye aliyetuonyesha kile kinachotokea ndani kabisa ya sikio la binadamu pale sauti inapoingia. Na hakuwa daktari. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa mwajiriwa wa Posta.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu wa Elimu tunakwenda kufanya kazi ambayo haifanyiki kama anayefundishwa hasikii vizuri. Pili, spika za masikioni. Ukikatiza hosteli yoyote usiku utanielewa.

Békésy alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 3 Juni 1899. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia, kwa hiyo utoto wake ulikuwa wa kuhamahama: Munich, Istanbul ambayo enzi hizo iliitwa Constantinople, kurudi Budapest, kisha Zürich. Alisoma kemia Bern, Uswisi, halafu akarudi nyumbani na mwaka 1923 akapata shahada ya udaktari katika fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Budapest.

Sasa piga picha. Una udaktari wa fizikia mkononi, lakini nchi yako imetoka kushindwa vita. Hungaria ilikuwa upande ulioshindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na kwa mkataba wa mwaka 1920 ikapoteza karibu theluthi mbili za ardhi yake. Hela hakuna, na maabara za vyuo hoi. Mahali palipokuwa na vifaa vya maana ni maabara ya Posta na Simu ya serikali, basi kijana akaomba kazi huko. Ukiondoa mwaka mmoja aliokwenda kufanya kazi kampuni ya Siemens mjini Berlin, alibaki na Posta mpaka mwaka 1946. Hiyo ni zaidi ya miaka 20.

Watu wa simu walikuwa na swali la kikazi kabisa: hela ya kuboresha mawasiliano iwekwe wapi? Kwenye nyaya? Kwenye mitambo? Au kwenye kile kifaa unachokiweka sikioni? Békésy aliona kwamba huwezi kujibu bila kujua sikio lenyewe lina uwezo gani, maana hakuna faida kutengeneza mtambo mzuri kuliko sikio litakaloutumia. Akalinganisha kibati kinachotetemeka ndani ya kifaa cha simu na kiwambo cha sikio la mtu. Ukigonga kibati cha simu kiliendelea kulia muda mrefu. Kiwambo cha sikio kilitulia mara moja, tayari kupokea sauti inayofuata. Jibu likawa wazi: sikio liko mbali sana mbele, na mnyonge ni kifaa cha simu.

Mtu mwingine angeandika ripoti yake, akaipeleka kwa bosi na kuendelea na mengine. Yeye lilimkaa kichwani swali jingine: sikio linawezaje kufanya kazi nzuri namna hiyo?

Hapa tusimame kidogo tuangalie ramani. Ndani ya mfupa wa kichwa, nyuma ya kiwambo cha sikio, kuna kijibomba kilichojiviringisha kama gamba la konokono. Kinaitwa koklea. Ukikinyoosha kina urefu wa milimita 35 hivi, karibu sawa na pingili moja ya kidole gumba. Kimejaa maji, na kwa urefu wake wote umetandikwa utando uitwao utando wa basila. Juu ya utando huo zimekaa seli nywele, ambazo makao yake yalielezwa na Mwitalia Alfonso Corti mwaka 1851. Zinaitwa hivyo kwa sababu kila seli ina kishungi cha vinyweleo vidogo sana kichwani. Safu moja ya ndani ina seli 3,500 hivi, na safu tatu za nje zina seli 12,000 hivi. Jumla haifiki hata 16,000 kwa kila sikio. Linganisha na jicho, ambalo lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100.

Kazi inakwenda hivi. Sauti inagonga kiwambo, mifupa midogo mitatu inapokea mtikisiko na kuusukumia kwenye maji ya koklea. Utando unacheza, vinyweleo vinainama. Vikiinama, vijitundu vidogo kwenye ncha zake vinafunguka, chaji za potasiamu zinaingia ndani ya seli, na seli inaamsha mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Hapo ndipo unapojua kwamba anayekuita ni mama na si jirani. Kazi hii ya kupeleka habari, kwa sehemu kubwa, ni ya zile seli 3,500 za ndani. Zile 12,000 za nje zinafanya nini? Shikilia swali hilo, maana ndilo lililompita Békésy mwenyewe.

Wakati anaanza, wataalamu walikuwa wanabishana jinsi koklea inavyotofautisha sauti nyembamba na sauti nene. Mkubwa wao alikuwa Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyesema nyuzi za ule utando ni kama nyuzi za piano, kila moja na noti yake. Wengine walisema utando mzima unatetemeka kwa pamoja kama kibati cha simu. Wengine walisema mawimbi yanasimama pale pale, na wengine kwamba wimbi linasafiri. Kila kambi na vitabu vyake.

Békésy akatengeneza koklea ya bandia: chombo chenye maji na utando wa mpira. Akagundua kitu kizuri sana. Kwa kubadilisha tu ugumu na unene wa utando aliweza kupata matokeo ya kambi zote, moja baada ya nyingine. Kwa maana hiyo ubishi wote wa miaka ulikuwa unasubiri vipimo tu: utando wa sikio la kweli una ugumu kiasi gani, na unabadilikaje kutoka mwanzo hadi mwisho? Hakuna aliyekuwa amepima.

Akaamua kupima. Tatizo ni kwamba huwezi kufungua sikio la mtu aliye hai, hivyo akatumia masikio ya maiti kutoka hospitali. Mfupa unaozunguka koklea ni miongoni mwa mifupa migumu zaidi mwilini, na kitu chenyewe kidogo kuliko punje ya njegere. Alitengeneza vyombo vyake mwenyewe, visu na vikeo vidogo vya kufanyia kazi chini ya hadubini, ndani ya maji ili utando usikauke. Alitumia pia mashine ya kutobolea ya karakana ya Posta. Mafundi hawakufurahi hata kidogo kuingia kazini asubuhi na kukuta mashine yao imejaa vumbi la mifupa ya watu.

Utando wenyewe ni angavu, hauonekani. Alichofanya ni kunyunyizia chembe ndogo za fedha, akamulika kwa taa inayowaka na kuzima haraka sana ili mtikisiko uonekane kama umepunguzwa kasi, kisha akapiga sauti na kuchungulia.

Alichokiona ni wimbi. Linaanzia kwenye mlango wa koklea, linasafiri kwenye utando, linakua, linafika kilele mahali fulani, halafu linakufa. Sauti nyembamba hufika kilele karibu na mlangoni. Sauti nene husafiri mpaka karibu na ncha. Sababu yake alikuwa ameshaipima: utando ni mwembamba na mgumu mlangoni, mpana na laini nchani, na tofauti ya ugumu ni karibu mara 100. Kwa hiyo kila mahali kwenye utando pana sauti yake, na seli nywele zilizokaa pale ndizo zinazoitikia. Aliyekuwa karibu na ukweli ni kambi ya wimbi linalosafiri. Helmholtz alipatia kwamba kila sauti ina mahali pake, ila hakuna nyuzi za piano mle. Békésy alianza kuchapisha matokeo haya mwaka 1928, na miaka iliyofuata akarudia vipimo kwa wanyama, kuanzia panya na kuku mpaka ng'ombe na tembo.

Mwaka 1940 akawa profesa wa fizikia hapo hapo Budapest. Lakini vita nyingine ilikuwa imeshaanza. Budapest ilizingirwa mwishoni mwa mwaka 1944 hadi Februari 1945, mji ukabomolewa, na maabara yake ikaenda na mabomu. Mwaka 1946 akaondoka kwenda Taasisi ya Karolinska, Stockholm. Hakurudi tena kuishi Hungaria.

Alikaa Sweden muda mfupi, lakini alituachia kitu ambacho sisi walimu watarajiwa tunapaswa kukijua. Alibuni mashine ya kupima usikivu ambayo mpimwaji anaiendesha mwenyewe. Unashika kitufe. Ukiisikia sauti unabonyeza, nayo inapungua. Ikipotea unaachia, nayo inapanda. Kalamu inachora mistari ya kupanda na kushuka kama meno ya msumeno, na kwa kuangalia ile michoro daktari anapata fununu kama tatizo liko kwenye koklea au kwenye mshipa wa fahamu. Kabla ya hapo watu wengi waliwekwa kwenye kapu moja tu, kapu la viziwi.

Mwaka 1947 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huko aliingiza waya mwembamba kwenye koklea ya pimbi wa maabara aliye hai na kugundua kwamba maji yanayozunguka vile vinyweleo yana chaji ya umeme, chanya, karibu milivolti 80. Betri ndogo! Ndiyo inayosukuma potasiamu kwa nguvu pale vinyweleo vinapoinama. Bila hiyo betri seli nywele ni kama simu isiyo na chaji.

Kitabia alikuwa mtu mkimya. Hakuoa. Alipenda kufanya kazi peke yake na kutengeneza vifaa vyake kwa mkono, na mapenzi yake mengine yalikuwa vitu vya sanaa za kale, ambavyo alivikusanya na kuvichunguza kwa umakini ule ule wa hadubini. Kuhusu makosa alikuwa na msimamo ambao ungetufaa hata sisi kwenye kuandika tafiti zetu. Aliamini mtafiti haoni makosa yake mwenyewe, kwa hiyo ni vizuri kuwa na rafiki wa kuyasahihisha. Ila bora zaidi kuwa na adui mwenye akili, kwa sababu adui atatumia muda mwingi kukutafutia kosa na hatakudai hata senti. Alilalamika kwamba baadhi ya maadui zake wazuri waligeuka kuwa marafiki, akapata hasara.

Mwaka 1961 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba, peke yake, bila kugawana na mtu. Miaka minne baadaye moto uliunguza maabara yake Harvard. Kwa mara ya pili maishani vifaa vyake viliteketea. Mwaka 1966, akiwa na miaka 67, akaanza upya Chuo Kikuu cha Hawaii, Honolulu, kwenye maabara iliyojengwa kwa msaada wa kampuni ya simu ya huko. Yaani alianza na simu na akamalizia na simu. Alifariki Honolulu tarehe 13 Juni 1972, siku kumi baada ya kutimiza miaka 73, na mkusanyiko wake wa sanaa akauachia Taasisi ya Nobel.

Sasa turudi kwenye swali nililokuomba ushikilie.

Wimbi aliloliona Békésy lilikuwa na kasoro moja: lilikuwa pana mno. Sauti moja ilitikisa sehemu kubwa ya utando, wakati sikio la mtu hutofautisha noti mbili zilizokaribiana sana. Ukali huo unatoka wapi? Yeye aliamini ni kazi ya mishipa ya fahamu, kwamba inakandamiza habari za pembeni na kubakiza kilele. Alitengeneza hata koklea kubwa ya bandia ambayo unaweka mkono juu yake: wimbi linapita chini ya mkono mzima, lakini wewe unahisi mguso mahali pamoja tu. Jaribio zuri kabisa.

Mwaka 1948 kijana aliyekuwa Cambridge, Thomas Gold, alisema hapana, lazima kuna kitu kilicho hai ndani ya koklea yenyewe kinachoongeza nguvu kwenye mtikisiko. Alikwenda kumweleza Békésy, lakini hawakuelewana. Kwa miaka mingi hoja ya Gold ikakaa kabatini.

Fikiria Békésy alichokuwa anakiangalia. Masikio ya maiti. Tena, kwa kuwa utando hutikisika kidogo kupita kiasi, ilimbidi apige sauti kubwa mno, zile za kuumiza, ndipo aone chochote. Kila alichokipima alikipima sawasawa. Ila kitu kimoja hakikuwemo kwenye hadubini yake, nacho ni uhai wa zile seli 12,000 za nje.

Mwaka 1971, Békésy akiwa bado hai, William Rhode alipima koklea za nyani walio hai na kuona kwamba kwa sauti ndogo utando unacheza zaidi ya ilivyotegemewa, na kwamba mnyama akifa hali hiyo inatoweka. Mwaka 1978 David Kemp akanasa sauti zinazotoka ndani ya sikio kuja nje. Sikio lenyewe linatoa sauti! Mwaka 1985 William Brownell na wenzake wakaonyesha kwamba seli nywele za nje zikipewa umeme zinarefuka na kufupika, kama zinacheza muziki. Hiyo ndiyo kazi yake. Wimbi linapopita, zinacheza nalo na kulisukuma, zinakuza sauti ndogo na kunoa kilele mpaka kiwe chembamba. Wimbi la Békésy ni la kweli na linafundishwa hadi leo. Ukali ni wa seli zilizo hai.

Kwa nini nakueleza haya wewe unayesomea Kiswahili na Historia, au uhasibu?

Kwa sababu kelele ikishambulia sikio, seli za nje ndizo kwa kawaida zinazotangulia kufa, na za karibu na mlangoni, kwenye sauti nyembamba za mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde, ndizo huumia mapema. Kwa hiyo mtu anayeharibika sikio kwa kelele hashtuki. Bado anasikia. Honi anasikia, ngoma za muziki anasikia. Anachopoteza ni ukali. Herufi kama s, f na sh ziko kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo mwalimu akisema shika yeye anasikia fika. Darasani kukiwa na minong'ono ndiyo basi kabisa. Ataambiwa hayuko makini, ni mzembe, ana kiburi. Kumpazia sauti hakusaidii sana, kwa sababu shida yake haiko kwenye ukubwa wa sauti.

Na seli hizi kwa binadamu haziagizwi dukani. Kuku akipoteza seli nywele zinaota tena, jambo lililogunduliwa miaka ya 1980. Sisi hapana. Ulizozaliwa nazo ndizo hizo hizo mpaka uzeeni, na uzee nao unazipunguza.

Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo chao ni rahisi: sauti ya desibeli 80, saa 40 kwa wiki, inatosha. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima, na simu nyingi zinapita hapo bila shida. Ile milio ya masikioni unayoamka nayo baada ya kukesha kwenye sherehe karibu na spika ni ishara kwamba seli zimechoka. Mara nyingine zinapumzika na kurudi. Mara nyingine hazirudi, na huambiwi.

Basi punguza sauti ya simu mpaka umsikie anayekuita kutoka mlangoni. Kwenye sherehe simama mbali na spika, toka nje mara kwa mara. Na mwakani, au baada ya miaka miwili, utakapopewa darasa lako la watoto 70 na ukakuta mmoja anajibu vitu ambavyo hukuuliza, usikimbilie fimbo wala kumwita mzembe. Msogeze mbele, ongea ukiwa umemtazama, kisha mwite mzazi wake mshauriane mtoto apelekwe kupimwa. Mashine ya kupima usikivu ipo, na mtu wa Posta alichangia kuifikisha ilipo.